Kesho Kamba Zitavutwa Demboni

Zaina mwanangu,

Kesho hutaniona kituoni. Nimeliweka neno hilo mbele ya salamu kwa sababu nikilichelewesha nitalikimbia, kama nilivyolikimbia tangu asubuhi. Mama yako atakupa barua hii treni ikianza kusogea, si kabla, nimemwapisha. Kwa hiyo unaposoma hapa umekwisha kunitafuta kwa macho katikati ya watu na mizigo yao, na umekwisha kuninunia. Ninunie, una haki. Lakini soma mpaka mwisho. Njia ya kwenda Kindu ni ndefu na huna kazi nyingine ya kufanya.

Habari za safari mama yako amezimaliza. Amekuambia ukae karibu na wanawake wenzako, amekuambia jinsi ya kuishi na shangazi yako na jinsi ya kumjibu akiwa na hasira, na nadhani amekuambia mara mbili juu ya maji ya kunywa. Mimi sina nyongeza. Mimi nina habari za dembo tu, lile bonde letu la maji na ndege, na najua tangu Agosti hutaki kulisikia neno hilo katika nyumba hii.

Vumilia. Utakaa miaka Kindu ukisomea ualimu, na watu wa huku kwetu Naviundu watakuja huko na maneno yao. Watakuambia baba yako, yule aliyekuwa akigombana na watu juu ya ndege, sasa amejipatia shamba palepale walipokuwa wakiishi. Watakuambia wakicheka. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na nataka uisikie kwangu kwanza.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikuwa na pengo la meno ya mbele. Papa Kalenga, jirani yetu, ndiye aliyetupeleka, yeye aliyezaliwa katika nchi hii kabla ya sisi watu wa Maniema kuja na mikeka yetu. Nilikuwa nimemwomba anionyeshe miti ya kufaa kwa vitanda, naye akatupitisha kwenye lile bonde la maji na majani marefu nyuma ya bustani yake ya viazi. Mimi niliona majani. Kalenga akatushika mabega, akatuinamisha. Wakatokea korongo wawili, warefu, shingo nyeupe, wanatembea polepole na vinyama viwili vinaning'inia chini ya kidevu. Ukapiga kelele, "Baba, huyu ndeke iko na ndevu sawa malimu!" Kalenga alicheka mpaka akakaa chini, korongo wakaruka, na tangu siku ile wakaitwa Malimu na Bibi Malimu. Mwalimu wako wa Kurani hajui mpaka leo, na usimwambie.

Nilikuwa mtu mzima, fundi seremala mwenye mke na mtoto, na sikuwahi kumtazama ndege isipokuwa akiwa katika sahani. Kalenga ndiye aliyetueleza kwamba wale wawili hutaga wakati wa baridi, katikati ya maji, na hulea mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hutembea nyuma ya wazazi wake miezi mingi kabla ya kujua kuruka. Wengine wakiwa na vifaranga kumi, wao wana mmoja. Labda ndiyo sababu niliwapenda. Sisi pia Mungu alitupa mmoja.

Kundi letu la kuwalinda halikuwa na jina wala kiongozi. Mimi, Kalenga, wewe, na majirani wachache waliokuja walipotaka. Tulibandua ulimbo ambao vijana waliupaka kwenye matawi ili wanase kwera, wale ndege wadogo. Baridi ikianza tulifyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka dembo, majani yakiwa bado mabichi. Na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kukaa. Kila Jumamosi walikuja watu wenye viberiti, kuchoma majani ili wakamate panya wa porini, nasi tulikaa nao tukazungumza mpaka wakaghairi. Ulikuwa hodari kuliko sisi sote. "Papa, uchome kule ya barabara," uliwaambia, "huku panya balisha kuhama." Ulikuwa mwongo mkubwa, mwanangu, na wote walikuamini kwa sababu ya macho yako.

Hatukulipwa, hatukusifiwa. Mtu akipita aliona watu wazima wamekaa kwenye majani wanakula karanga. Na kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja wa korongo aliyeruka.

Halafu serikali ikatuletea salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa. Unajua jinsi Jumamosi zetu zilivyokwisha. Kila mtu na jembe lake, kila mtu na ufagio wake, barabara, mitaro, mbele ya ofisi ya seli ya mtaa wetu, na anayekosa anaandikwa. Kundi letu lilikatika. Tulikuwa tunafagia vumbi barabarani huku tunaona moshi mwembamba upande wa dembo na tunaombea usiwe wetu. Sikulala vizuri miezi ile. Ndipo nikapata akili, ile akili ya fundi anayefikiri kila mlango unaogoma dawa yake ni kupigwa randa.

Nikaenda kwa kiongozi wa seli. Nikavaa abakosti, koti langu la sikukuu. Nikamwambia, Citoyen, kulinda dembo ni kazi ya nchi, basi iwe salongo yetu, watu wa mtaa waje kule Jumamosi badala ya kufagia. Akafurahi kuliko nilivyotazamia. Akanipa karatasi yenye mhuri, nami nikaja nayo nyumbani mbio, nikaitandaza juu ya meza mbele yako na mama yako.

Ulisoma mpaka kwenye mhuri. Kisha ukasema, na nakumbuka kila neno: "Baba, bantu ya salongo banakuja juu ya kuogopa. Ile ndeke, bataipenda namna gani?"

Nami nikakujibu, "Nyamaza. Mambo ya bakubwa weye unajua nini?"

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Nimelisikia neno hilo kwa baba yangu, nimelisema mwenyewe kwa wanafunzi wangu wa useremala, nimelicheka kama linavyochekwa neno ambalo kila mtu analijua. Siku ile mtoto wangu alinisomea lilelile kwa maneno yake mwenyewe, na mimi nikaona mhuri tu.

Jumamosi za mwanzo zilinidanganya. Walikuja watu wengi, wakasimama pembeni ya dembo na majembe yao, wenye viberiti wakaogopa wakarudi. Nilitembea katikati yao nimeinua kichwa. Hata Kalenga, ambaye hapendi kelele, alisema labda Fundi amepata njia. Lakini yule kiongozi alikuwa anaangalia kitu kingine. Alinivuta kando akaniambia, "Citoyen Ramazani, bantu beko banasimama tu. Salongo yenye haionekane, ni salongo gani?" Nikamweleza kwamba kulinda ndivyo kulivyo, kwamba kazi ikifanyika vizuri huoni kitu, unaona majani yaleyale na maji yaleyale. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mimi nikaamini ameelewa, nikaenda zangu.

Jumamosi ile ya Agosti nilikuwa Kipushi, kufunga milango ya nyumba ya mtu. Ningeweza kwenda siku nyingine. Sikwenda siku nyingine kwa sababu niliona kwamba sasa dembo lina walinzi wengi, lina mhuri, halinihitaji. Hapo ndipo nilipolia zaidi baadaye, mwanangu, si penye karatasi. Karatasi ilikuwa ujinga. Kwenda Kipushi ilikuwa kuchoka kupenda, na kumwachia mwingine aendelee kwa niaba yangu.

Wewe ulikuwepo, mimi nayasimulia ya kusimuliwa. Wakubwa walitazamiwa kuja kukagua, na kazi ilibidi ionekane. Majembe yakashushwa, majani yakafyekwa, na yaliyobaki yakatiwa moto kwa amri ili mahali pawe safi. Kalenga aliwaambia, wakamwambia akalalamike kwa aliyewaleta. Wewe ulikimbia kuelekea majini na wanawake wawili wakakushika, ukawauma. Mimi niliuona moshi nikiwa juu ya kamiyo, lori la kunirudisha, bado mbali, na nikamwambia dereva, "Leo kuna mtu anachoma shamba." Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilipofika majivu yalikuwa bado ya moto. Mtoto wa Malimu na Bibi Malimu alikuwa amejikunja katika majani mabichi karibu na maji, pale penye tawi la mti ulioanguka. Hakuungua sana, moshi ulimmaliza. Wazazi wake walimfundisha kwamba akiona hatari ajilaze asitikisike, naye akatii. Nakuomba usiwe mtiifu kiasi hicho, hata kwangu mimi. Ulikuwa umekaa karibu naye, uso mweusi wa masizi, ukanitazama, ukainuka ukaenda nyumbani. Ningependa ungenitukana. Mpaka leo husemi, unanipa chakula, unaniambia shikamoo, unanifulia shati, na husemi.

Malimu na mkewe walikaa siku nyingi. Sikukuambia, lakini kila alfajiri baada ya sala nilikwenda. Walitembea juu ya majivu kutoka ncha moja hadi nyingine, wanainama, wanainua vichwa, wanaita. Mimi ni mtu mzima, nimezika baba na mama na ndugu, na sikujua kwamba sauti ya ndege inaweza kunipigisha magoti. Kisha asubuhi moja hawakuwepo. Kalenga anasema mwaka ujao, baridi ikianza, watarudi kutafuta palepale walipotagia, ndivyo walivyo. Watakuta nini, ndilo linalonikosesha usingizi.

Kwa sababu kiongozi ameona kwamba mahali pamekwisha kusafishwa. Udongo mweusi, maji karibu, mvua zinakuja. Kesho asubuhi watavuta kamba na kugawa dembo lote vipande vya mahindi. Kila aliyefanya salongo pale ana haki ya kipande, lakini lazima asimame juu yake kwa miguu yake mwenyewe kamba zinapopita. Asiyekuwepo, kipande chake kinapewa mwingine. Na mimi, kwa kuwa ndiye niliyeanzisha, nimepewa heshima ya kuchagua kwanza. Heshima! Aliniambia akinishika mkono kwa mikono yote miwili, na hakuwa ananidhihaki. Anaamini kwa dhati kwamba amenitendea mema. Ningejua kumchukia ningepumzika kidogo.

Nilichagua pale chini, penye chemchemi, penye ule mti ulioanguka. Nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wa kundi letu la zamani. Nikawaambia chukueni vipande vilivyo jirani na changu, tusilime hata kimoja, tuache majani yaote. Wengine walinionea haya wakasema wana watoto wa kulisha, na siwezi kuwalaumu, mahindi ni mahindi. Wengine walicheka. Mwisho nikaenda kwa Kalenga, ambaye hakuwa ameingia nyumbani kwetu tangu moto. Nilimkuta anamenya muhogo. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Ni weye njo ulibaleta," akasema.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Na kesho? Utakuwa pale weye mwenyewe, ao utatuma muntu? Juu ile siku haukukuwa pale."

Nikamwambia kesho mwanangu anasafiri. Akasema anajua, na anakupenda kama mjukuu. Halafu akasema kama mimi sitasimama pale, yeye pia hatasimama, na wale wawili watatu wanaomfuata hawatasimama. Hataki tena kulinda kitu ambacho mwenyewe yuko mahali pengine. Hakusema kwa ukali. Akanipa kipande cha muhogo nile, nikakila kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nilienda seli kuomba wasogeze siku. Hawakusogeza. Nilienda kituoni kuuliza kama kuna treni nyingine ya karibu. Hakuna, na masomo yako hayangoji. Nilimwomba kiongozi amruhusu mama yako asimame kwa niaba yangu. Akasema aliyeandikwa ni mimi. Nimegonga kila mlango, Zaina, na unajua milango naijua.

Nilipomwambia mama yako, alikuwa anakunja nguo zako. Aliacha kukunja. "Weye uko baba ya nani?" akaniuliza. "Ya ndeke, ao ya huyu mutoto?" Akaniambia tena, polepole, kwamba kuna vitu ambavyo mtu hapati mara ya pili, na kumuaga mtoto wake wa pekee ni kimojawapo. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia hata lile dembo halipatikani mara ya pili. Akatoka akaenda kulia uani, na mimi nikaendelea kukunja nguo zako vibaya. Ukikuta gauni lako la samawati limekunjamana, ni mimi.

Sasa nikuambie ninachokijua, ili usinidhanie shujaa wala mwendawazimu. Vipande vitatu vinne havitoshi. Korongo wale wanataka nafasi, wanataka kuona mbali, hawatagi penye watu wanaolima kushoto na kulia. Kalenga anajua, nami najua. Tena kipande kisicholimwa kinaweza kunyang'anywa mvua zikishapita, na watu watasema fundi ni mvivu, au mchawi. Inawezekana nakukosa wewe kesho kwa ajili ya majani ambayo mwaka ujao yatakuwa mahindi. Nimeligeuzageuza hili mpaka kichwa kinauma, na kila mara narudi mahali pamoja. Nikija kituoni, Kalenga na wenzake hawatasimama, dembo litaisha lote kesho kabla ya adhuhuri, na nitakuwa sikuwepo kwa mara ya pili. Nikienda, kuna kitu kidogo. Kidogo sana. Naona aibu kukuambia jinsi kilivyo kidogo.

Wala sikufanyi mfano. Usiseme nimemwacha mtoto wangu ili nimfundishe jambo. Sina la kumfundisha mtu. Ningekuwa na la kusema ningelisema hivi tu: kitu ukikipenda, kikalie mwenyewe. Utakuwa mwalimu, watakuja watu wazuri wenye mihuri kukuambia wataibeba kazi yako, nawe utakuwa umechoka kama nilivyochoka mimi. Wasikilize, wape chai. Halafu siku inayofuata nenda mwenyewe, hata kama huna cha kufanya ila kukaa na kula karanga.

Na jambo jingine, nalo ni ombi. Najua ulimwambia mama yako kwamba ukifika Kindu hutatazama tena ndege yeyote. Amenieleza, usimkasirikie. Mwanangu, kule kuna mto mkubwa kuliko kitu chochote ulichowahi kuona, na hakika una ndege wake na watu wake wenye viberiti. Usiache kutazama kwa sababu ya makosa yangu. Nikasirikie mimi peke yangu, nina nafasi ya kutosha. Ukiona kitu kule, kizuri, hata kisicho na ndevu, niandikie. Si lazima uniandikie mengine.

Ninakupenda, mama. Nakuita mama kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na kwa sababu tangu Agosti nimekuogopa kama nilivyokuwa nikimwogopa yeye. Sikuwahi kukuambia kwamba ulikuwa sawa. Ulikuwa sawa. Uliliona jambo kabla yangu, nikakunyamazisha, na mtoto wa watu akafa. Ningekuwa na moyo ningetoka humu sasa hivi niseme haya mbele yako. Nimeinuka mara kadhaa, nimefika mlangoni, nimekusikia unacheka na mama yako juu ya jambo fulani, na nikarudi kukaa. Muda mrefu sijasikia ukicheka, sikutaka kuwa mimi wa kukikata kicheko hicho.

Na sasa hivi, kalamu iko mkononi, umepiga hodi. Hukuingia. Umesema kutoka nje ya mlango, sauti yako laini, ile ya zamani kabla ya moto: "Baba, valizi yangu ya nguo iko nzito sana. Kesho utaweza kuibeba kufika gare ya treni?"

Nimekujibu, "Nitaweza, mama."

Ukasema, "Aksanti, Baba," ukaenda.

Nimetuma mtu kwa mjomba wako aje alfajiri aibebe.

Baba yako,
Ramazani